Istilahi za Konokono wa Matumbawe: Wasio na Madhara na Wenye Madhara

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi za kundi dogo la viumbe ambao mfasiri aghalabu huwapitia bila kuwajali. Katika nchi za ng'ambo, hasa Marekani, Ulaya na Japani, wako watu wengi wanaofuga matumbawe hai majumbani mwao, ndani ya mahodhi ya kioo yaliyojazwa maji ya chumvi. Vipande vya mwamba vinavyotiwa humo huja na wageni wasioalikwa, na miongoni mwao ni konokono. Vitabu vya ufugaji huo humfundisha mwenye hodhi yupi aachwe na yupi atolewe. Suala hili latuhusu, kwa sababu wengi wa konokono hao asili yao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Ni viumbe wale wale ambao mtoto wa pwani huwaokota maji yakupwapo.

Ugumu wa kwanza ni neno konokono lenyewe. Kwa msomaji wa bara, konokono ni mharibifu wa mboga bustanini, au ndiye yule wa madimbwi na mito abebaye vimelea vya kichocho. Kwa hiyo sentensi isemayo "hodhi lina konokono" huleta mara moja fikra ya kuangamiza. Miaka ya nyuma mrututu ulitumika sana kuwaulia konokono wa kichocho. Mrututu huo huo ukitiwa katika hodhi la matumbawe, shaba iliyomo itawaua konokono wema na wabaya, kamba, kaa na matumbawe yenyewe. Mfasiri asiyepambanua aina za konokono aweza, kwa neno moja tu, kumfanya msomaji aue alichokusudia kukilinda.

Lugha yetu si maskini katika uwanja huu. Tunalo neno koa, ambalo yafaa libaki kwa asiye na gamba, ingawa mahali pengine hutumika hata kwa mwenye gamba. Tunalo kauri, na dondo kwa kauri mkubwa mwenye madoa ambaye mafundi cherehani walitumia gamba lake kulainishia mishono. Tunao tondo na suka wa mikokoni. Tukumbuke pia upatanisho wa kisarufi: mnyama akiwa hai husemwa "kauri huyu anatambaa", lakini gamba tupu husemwa "kauri hii imetobolewa". Tofauti hiyo ni msaada mkubwa kwa mwalimu, maana humwonyesha mwanafunzi bila maelezo marefu kama anayezungumziwa ni kiumbe au pambo.

Ugumu wa pili ni wa hatari zaidi. Wako konokono wa jenasi ya Trochus, wapole kabisa, wanaokula utando wa mwani juu ya kioo na mawe. Lugha kadhaa za Ulaya huwaita kwa jina la pia, yaani kile kichezeo cha watoto kizungushwacho kwa kamba. Wako pia wa jenasi ya Conus, ambao lugha hizo huwaita kwa jina la umbo lenye kitako cha duara na ncha moja. Umbo hilo nalo baadhi ya walimu wa hisabati huliita pia. Basi wafasiri wawili, kila mmoja akiwa na hoja yake, waweza kuandika "konokono pia", mmoja akimkusudia mlamwani asiyedhuru, mwingine akimkusudia mnyama awezaye kumwua mtu. Conus geographus, ambaye anapatikana pwani yetu pia, hurusha jino lenye sumu kama mvuvi arushavyo chusa, na watu wamekufa kwa kuchomwa naye. Hadi leo hakuna dawa ya kuipinga sumu hiyo. Zaidi ya hayo, "konokono pia" yaweza kusomwa kuwa "konokono vilevile". Istilahi yenye milango mitatu haifai kitu.

Sasa tutazame dalili ambazo kwazo konokono hutambuliwa, na maneno tunayoyahitaji kuzieleza.

(a) Mdomo wa gamba, yaani tundu atokeamo mnyama. Mdomo mviringo usio na pengo mara nyingi ni wa mlamwani. Mdomo wenye pengo au mfereji mbele ni wa konokono mwenye mrija, ambao autumia kuvuta maji na kunusa chakula. Wengi wa hao ni wawindaji au walamizoga. Lakini dalili hii peke yake haitoshi. Konokono wa jenasi ya Cerithium ana mfereji, naye hula mwani na masalio tu. Wale wa jamii ya Naticidae wana mdomo usio na pengo, nao hutoboa chaza na kuwala.

(b) Ulimi. Konokono wengi wana ulimi wenye safu za meno madogo, na kazi yake ni kukwangua. Tunapendekeza uitwe ulimi-tupa, kwa kuwa fundi yeyote anayeijua tupa ataelewa papo hapo. Kwa Conus meno hayo yamegeuka kuwa michomo mitupu ndani yenye sumu.

(c) Kifuniko, yaani kile kigao ambacho konokono wengi hujifungia ndani. Neno hili tunalo tayari, wala hatuna haja ya kukopa.

(d) Mahali na wakati aonekanapo. Dalili hii yashinda nyingine zote. Konokono aliye juu ya kioo usiku, akiacha njia safi nyuma yake, anafanya kazi ya mwenye hodhi. Aliyeganda juu ya tumbawe, na chini yake pamebaki mfupa mweupe, ni mla-tumbawe. Hivyo ndivyo afanyavyo Drupella, ambaye katika miaka ya 1980 aliharibu sehemu kubwa za mwamba wa Ningaloo huko Australia. Vikonokono vyeupe vidogo kama punje ya mchele, vilivyokusanyika ukingoni mwa gamba la chaza au la konokono mwingine, ni wa jamii ya Pyramidellidae. Hao hufyonza maji ya mwili wa mwenyeji wao, na jina la kimelea lawastahili.

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo yafuatayo, ili wasomaji wayapime:

Trochus: konokono-msonge, kwa kuwa hukaa juu ya kitako chake kipana kama nyumba ya msonge.
Turbo: konokono-kilemba, kwa mizunguko yake ya mviringo.
Nassarius: konokono-mlamzoga, ajifukiaye mchangani na kutokeza mrija wake tu, kisha akafukuka anusapo chakula.
Drupella: konokono mla-tumbawe.
Pyramidellidae: konokono-kimelea.
Conus: konokono-chusa.

Tumeliacha neno pia kwa makusudi katika majina yote mawili yaliyogombana. Jina konokono-chusa halielezi umbo bali tendo, na ndilo tendo ambalo msomaji ahitaji kulijua kabla hajanyoosha mkono. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa chusa ni nini, na wa bara wataelezwa kwa neno moja.

Huenda ikasemwa kwamba ufugaji wa matumbawe ni anasa ya watu wa mbali, na kwamba istilahi zake hazina haraka. Hatukubaliani na hoja hiyo. Maneno haya haya atayahitaji mwalimu wa sayansi anayewapeleka wanafunzi ufuoni, ofisa wa uvuvi anayeandika tangazo, na mwongoza wageni anayewaonya wasiokote kila gamba zuri. Tunawaomba wasomaji wa Mombasa, Lamu, Unguja, Pemba, Kilwa na Mafia watuletee majina yaliyoko kwao, hasa ya huyo konokono-chusa. Likipatikana jina la wenyeji linalomtambulisha yeye peke yake, tutaliweka mbele na kuliondoa letu.