Sindano za Mzio kwa Mbwa, Nyumbani

Mbwa anayejikuna usiku kucha na kulamba nyayo hadi manyoya yanageuka rangi huenda ana mzio. Kisumu, penye joto na unyevu wa Ziwa Victoria, utitiri wa vumbi na ukungu hustawi kwa urahisi majumbani. Hata hivyo viroboto na upele ndio washukiwa wa kwanza, na daktari wa mifugo huanza nao.

Mzio ukithibitishwa, kuna tiba ya kuuzoesha mwili kitu kinachousumbua; ilielezwa na Leonard Noon, London, mwaka 1911, kwa watu wenye mzio wa chavua. Mbwa naye hudungwa chini ya ngozi kiasi kidogo sana cha kile kinachomdhuru, kisha kipimo huongezwa taratibu. Ni kazi ya subira kubwa: nafuu huweza kuchukua hadi mwaka, na si kila mbwa huipata.

Sindano za kwanza hufaa kudungwa kliniki, mwenye mbwa akijifunza. Baadaye, nyumbani, yeye mwenyewe huinua ngozi legevu ya mgongoni na kudunga kwenye mkunjo. Dawa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, bila kugandishwa.

Baada ya sindano, kaa na mbwa wako. Akivimba uso, akitapika au akipumua kwa shida, mkimbize kwa daktari mara moja.