Sahiwal: ng'ombe wa Punjab katika maboma ya Migori na Homa Bay

Mfugaji wa Nyatike au Ndhiwa akitaka maziwa zaidi, wengi humshauri anunue Friesian. Ng'ombe huyo anahitaji majani mengi na hewa ya baridi. Ukimleta kwenye joto na kupe wa ukanda wa ziwa, fedha za maziwa huishia kwenye dawa na lishe. Sahiwal anafaa zaidi huku. Ni ng'ombe mwekundu mwenye nundu, na ngozi ya shingo yake huning'inia kama pazia. Kwao ni Punjab, penye joto kali, na akiwa malishoni hutosheka na nyasi ambazo Friesian angekondea.

Kati ya 1939 na 1963 Kenya iliagiza fahali wapatao 60 na majike 12 tu. Majike 12 hawajazi nchi, kwa hiyo fahali hao walipandishwa kwa ng'ombe wetu wa kienyeji, zebu wadogo. Uzao wa kwanza ulikuwa na nusu ya damu ya Sahiwal. Mitamba wake walipopandishwa tena kwa fahali wa Sahiwal, ndama wakawa na robo tatu, kisha saba kwa nane. Kufikia uzao wa tano, sehemu 31 kati ya 32. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 makundi bora yalikusanywa Naivasha na kuwa kundi la taifa. Huko kila ndama aliandikiwa baba na mama, akapimwa uzito, na maziwa ya mama yake yakapimwa pia. Kumbukumbu hizo ndizo zilizowezesha kuchagua fahali wa kuzalisha.

Kwa hiyo Sahiwal wengi wa Kenya ni vitukuu vya zebu upande wa mama. Jambo hilo lina uzito. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe, haipo Asia. Zebu wa hapa wameishi nayo vizazi vingi na huistahimili kuliko mgeni. Kadiri damu ya kigeni inavyoongezeka, ndivyo josho na chanjo vinavyozidi kuwa vya lazima. Karibu na bonde la Lambwe kuna tishio jingine, mbung'o wanaoeneza nagana. Huko mfugaji asiongeze damu ya Sahiwal katika kundi lake kabla ya kupanga na daktari wa mifugo jinsi ya kulikinga.

Kosa linaloharibu mbegu vijijini ni kukaa na fahali mmoja muda mrefu. Ng'ombe hubeba mimba kwa takriban miezi tisa, na binti hufikia kupandwa akiwa na miaka miwili hivi. Kwa hiyo katika mwaka wake wa tatu bomani, fahali huanza kuwapanda binti zake mwenyewe. Ndama wa namna hiyo huwa dhaifu, na uwezo wa kundi kuzaa hushuka. Majirani wawili wenye fahali wasio ndugu wanaweza kubadilishana kabla muda huo haujafika, au wakatumia mbegu za kituo cha serikali cha Kabete, kilichoanzishwa 1946.

Vilevile, majike bora wa kienyeji wasiuzwe wote. Zebu safi akitoweka Kuria na Suba, hatuna pa kuuchukua tena ustahimilivu wake. Kila boma liwe na daftari: tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, maziwa, magonjwa. Bila daftari hilo, mfugaji huchagua fahali kwa rangi ya ngozi tu, na rangi haimwambii lolote kuhusu maziwa.