Lodwar yakumbusha Waingereza walivyogeuka kuhusu ukoloni

Mzee Jomo Kenyatta alipozuiliwa Lodwar, Turkana, kati ya 1959 na 1961, Waingereza wengi walimwona kuwa adui wa ustaarabu. Mwaka wa 1960, Gavana Patrick Renison alimwita kiongozi wa giza na mauti.

Hata hivyo, imani hiyo ilikuwa imeanza kutikisika. Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Mbunge wa chama tawala, Enoch Powell, aliikemea serikali yake bungeni London.

Mwaka wa 2013, Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kuwalipa wahasiriwa 5,228 pauni milioni 19.9, ingawa ilikana kuwajibika kisheria.