Mgeni Penye Ibada ya Wengine
Bonde la Kathmandu, nchini Nepal, lina maeneo saba yaliyotangazwa Urithi wa Dunia mwaka 1979: viwanja vitatu vya majumba ya kifalme, mahekalu mawili ya Kihindu na stupa mbili, yaani makuba ya Kibudha. Haya si makumbusho matupu. Watu huabudu humo kila siku. Asiye Mhindu haruhusiwi kuingia hekalu kuu la Pashupatinath. Kule Boudhanath waumini huizunguka stupa wakiiweka kuumeni kwao. Tetemeko la Aprili 2015 liliangusha mahekalu kadhaa viwanjani, lakini ibada haikukoma. Basi mtumishi wa Injili azuruye huko asidhihaki, wala asishiriki ibada isiyo yake. Paulo naye, kule Athene, alitazama kwanza, ndipo akahubiri (Mdo. 17:23).