Raiskuka ya milioni moja: Kabla hujatoa hela, piga hesabu ya wali wa nyumbani kwako

Siku hizi katika nyumba nyingi za mjini mjadala huanza kwa picha kwenye simu. Mama watoto ameona raiskuka inayong'aa, ina kioo cha maandishi, inapika wali, uji na hata keki, na unaweza kuitegesha usiku ikajiwasha alfajiri. Bei yake ni milioni moja na ushee. Baba watoto anauliza swali moja tu: "Kwani ile ya elfu themanini inapika nini, mawe?"

Wote wawili wana hoja. Mama anajua adha ya kusimamia sufuria ya wali huku mtoto analia na mwingine anadai daftari lake lisainiwe. Baba anajua kwamba Januari ya ada haina huruma na mtu aliyenunua vyombo Desemba. Ili mjadala usiishie kwenye kununiana, tuangalie chombo chenyewe, chakula chetu, kisha hesabu.

Kazi kubwa hufanywa na ile ya bei ndogo

Raiskuka ya kujizima yenyewe iliingia sokoni Japani Desemba 1955, ikitengenezwa na kampuni ya Toshiba. Aliyeibuni aliitwa Yoshitada Minami, na mkewe, Fumiko, ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuijaribu nyumbani, akipima maji, joto na dakika mpaka wali ukatoka vizuri kila mara.

Siri yake ni nyepesi. Maji yanapochemka, joto lake hukaa kwenye nyuzi 100 hivi, hata moto uwe mkali kiasi gani. Kwa hiyo maadamu kuna maji ndani ya sufuria, kitako chake hakizidi sana hapo. Mchele ukishanyonya maji yote, joto la kitako hupanda ghafla. Katika raiskuka nyingi za kawaida kuna sumaku pale chini ambayo ikipata joto zaidi ya hapo hupoteza nguvu ya kushika. Ikiachia, swichi inaruka, unasikia "tak!", na chombo kinahamia kwenye kutunza joto.

Hiyo ndiyo raiskuka ya makumi ya maelfu ya shilingi. Haina akili nyingi, lakini inafanya jambo lile lile ambalo mpishi hulifanya kwa macho na pua: inajua maji yameisha.

Za bei kubwa huongeza mambo matatu. La kwanza ni kompyuta ndogo inayopima joto na kurekebisha moto hatua kwa hatua. La pili ni kupasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, hivyo joto linatoka chini na pembeni badala ya kitako peke yake. La tatu, kwa zile za juu kabisa, ni presha. Kampuni kama Zojirushi, Tiger na Panasonic za Japani na Cuckoo ya Korea Kusini zimejijengea jina kwa vyombo vya namna hii. Mara nyingi huchukua muda mrefu zaidi, kama saa nzima, kwa sababu huanza kwa kuloweka mchele kwenye maji ya uvuguvugu.

Wali wao, wali wetu

Hapa ndipo mnunuzi wengi hawaangalii. Akili zote hizo zilibuniwa kwanza kwa ajili ya mchele wa Japani na Korea: punje fupi, nene, zinazoshikana ili ziweze kuliwa kwa vijiti, zinazopikwa bila chumvi wala mafuta. Utamu wanaoutafuta wao ni ulaini na kunata.

Sisi tukila wali wa Kyela, Morogoro au Shinyanga, tunataka unukie na uchambuke. Ukinata tunasema umekuwa bwabwa, na mpishi anatafutwa. Kwa hiyo sehemu ya ile milioni inanunua kitu ambacho ulimi wa nyumbani kwako haukuomba. Zipo zenye programu ya mchele mrefu. Kama unataka ya bei kubwa, uliza hilo kwanza kabla ya kuuliza rangi.

Kisha kuna nazi. Tui zito likiwekwa tangu mwanzo hutuama chini, mafuta na sukari yake hushika rangi, kitako kinapata joto kabla ya wakati na swichi inaruka huku wali una kiini. Dawa yake haihitaji chombo cha gharama. Pika kwa tui jepesi, na tui zito ulimimine mwishoni maji yakikaribia kukauka, ukoroge kidogo kwa mwiko wa mti au plastiki, ufunike. Hata katika raiskuka ndogo wali wa nazi unatoka vizuri.

Pilau nayo ina masharti yake. Vitunguu vikaange pembeni kwenye kikaango mpaka vikolee, ndipo uhamishie kwenye raiskuka na mchuzi wa nyama. Ukikaanga ndani ya sufuria yake, swichi itaruka kila mara, na ule utando wa kuzuia kushika utachakaa haraka. Wapenzi wa ukoko wajue pia kwamba raiskuka nyingi hutoa ukoko mwembamba au hazitoi kabisa. Kwa ukoko wa kweli, sufuria ya kupalia makaa juu ya mfuniko bado haijapata mpinzani.

Hesabu ya mezani

Tuchukue familia inayopika wali siku tano kwa wiki, yaani mara 260 kwa mwaka. Ikinunua raiskuka ya Sh80,000 na ikadumu miaka minne, itakuwa imepika mara 1,040. Kila sufuria ya wali imebeba Sh77 ya gharama ya chombo.

Familia hiyo hiyo ikinunua ya Sh1,200,000, na tuwe wakarimu tuseme itadumu miaka kumi, itapika mara 2,600. Kila sufuria imebeba Sh462. Na kama mnapika wali mara mbili tu kwa wiki, siku nyingine ni ugali, ndizi na chapati, basi katika miaka hiyo kumi mtapika mara 1,040, na kila mlo wa wali utakuwa umebeba Sh1,154 kabla hujanunua mchele.

Umeme wenyewe si mzigo mkubwa kama wengi wanavyodhani. Raiskuka ya kawaida ya lita 1.8 huwa na nguvu ya wati 700 hivi. Ikipika kwa nusu saa inakula uniti 0.35. Kwa mteja wa TANESCO anayelipa Sh292 kwa uniti, ambayo pamoja na kodi na tozo hufika kama Sh356 kwenye LUKU, hiyo ni takribani Sh125. Mwenye kiwango cha matumizi madogo, uniti 75 za kwanza kwa mwezi, analipa chini ya hapo. Linganisha na mkaa unaouteketeza kupika wali wa siku moja mtaani kwako, na jibu utalipata mwenyewe. Ya bei kubwa haitakupunguzia umeme kiasi cha kurudisha milioni yako.

Angalia ukubwa na volti

Kikombe kinachokuja na raiskuka ni cha mililita 180, na kinabeba gramu 150 hivi za mchele. Raiskuka ya lita 1.8 hupika vikombe 10, yaani kilo moja na nusu ya mchele. Ya lita moja hupika vikombe vitano na nusu, kama gramu 800. Nyingi za bei kubwa ni za lita moja kwa sababu zimelengwa familia ndogo. Nyumba yenye watu saba, na shangazi anakuja wikendi, itajikuta inapika mara mbili.

Jambo la pili ni umeme wa chombo. Japani hutumia volti 100. Tanzania tunatumia volti 230. Raiskuka iliyotumika iliyoletwa kutoka Japani, hata iwe nzuri vipi na ya bei ya kutupa, ukiichomeka ukutani moja kwa moja itaungua, na inaweza kuwa hatari. Pindua chombo, soma kibandiko cha chini. Kama hakisemi 220, 230 au 240, kiache dukani, au ujue kwamba utahitaji transfoma yenye nguvu ya kutosha, ambayo nayo ina bei yake.

Pia umeme wetu hupanda na kushuka. Swichi ya sumaku ina ustahimilivu. Umeme ukikatika na kurudi, mara nyingi inaendelea ilipoishia. Vyombo vya kompyuta ndogo vina bodi inayoweza kuungua, na vingine hupoteza programu umeme ukikatika. Muulize muuzaji: umeme ukirudi, kinaendelea? Bodi ikiungua, fundi yuko wapi? Sufuria ya ndani ikikwaruzika, nyingine inapatikana hapa nchini kwa shilingi ngapi? Akikosa majibu, hata waranti yake ni karatasi tu. Ukinunua, dai risiti ya EFD na uitunze.

Nani anapumzishwa?

Swali la fedha lina pacha wake: raha hiyo inamfikia nani? Katika nyumba nyingi anayekatizwa kazi na wali ni binti. Yuko darasa la saba, amefungua kitabu cha Hisabati, anasikia "kaangalie wali". Anarudi, anakaa, anaitwa tena "palia moto". Kaka yake anaendelea kusoma. Chombo kinachojizima chenyewe kinampa binti huyo nusu saa isiyokatizwa kila jioni, na kinampa dada wa kazi nafasi ya kumwogesha mtoto bila kukimbilia jikoni. Moshi na majivu navyo vinapungua.

Lakini tazama vizuri: faida hiyo inapatikana tayari kwenye raiskuka ya Sh80,000. Hatua kubwa katika maisha ya nyumba ni kutoka kwenye jiko la mkaa kwenda kwenye raiskuka yoyote iliyo salama. Kutoka kwenye ya kawaida kwenda kwenye ya milioni ni hatua ndogo, ingawa bei yake ndiyo kubwa.

Na kama familia ina laki tatu hivi za kuboresha jiko, ipo njia ya tatu. Wali hupikwa nusu saa, lakini maharage, makande na nyama ngumu hukaa motoni kwa saa nyingi. Jiko la presha la umeme huivisha maharage kwa sehemu ndogo ya muda huo, na wali pia linapika. Kwa nyumba inayokula maharage mara tatu kwa wiki, hapo ndipo muda na mkaa mwingi vinapookolewa.

Wali wa jana na tumbo la mtoto

Kuna kazi moja ya raiskuka ambayo wazazi huichukulia kirahisi: kutunza joto. Mchele huwa na vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukiachwa mezani kwenye joto la kawaida, huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha wali upya. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kikitunzwa cha moto kiwe juu ya nyuzi 60.

Raiskuka iliyo kwenye hali ya kutunza joto husaidia kwa saa chache. Ukichomoa ili kuokoa umeme huku wali umo ndani umefunikwa, umetengeneza joto la uvuguvugu ambalo vijidudu hulipenda. Wali uliobaki utandaze kwenye sahani pana upoe upesi, uingie kwenye friji.

Kwa wanaotaka ile ya kutegesha usiku, mchele na maji vikilala pamoja kwenye joto la Dar es Salaam au Tanga vinaweza kuchacha kabla ya alfajiri. Fuata saa zilizoandikwa kwenye kijitabu chake, na usitegeshe kamwe chenye tui, maziwa au nyama. Waya usining'inie mahali mtoto anapofika, na tundu la mvuke lielekee ukutani, kwani mvuke unaunguza kama maji ya moto.

Nunua kama...

Ya bei kubwa inaweza kukufaa kama mnakula wali karibu kila siku, kuna anayetoka saa kumi na moja alfajiri na kubeba chakula, kuna mtoto mdogo au mzee anayehitaji uji laini mara kwa mara, umeme wa eneo lenu umetulia, vipuri vinapatikana, na hela yake haigusi ada, kodi ya nyumba wala bima ya afya. Kama masharti matatu kati ya hayo hayapo, chukua ya kawaida, yenye ukubwa unaowatosha na sufuria nzito, kisha usioshee mchele ndani yake wala kuukwangua kwa kijiko cha chuma.

Kabla ya kwenda dukani, fanyeni jambo moja wawili kwa pamoja. Kwa wiki mbili, andikeni kwenye karatasi ya friji siku mlizopika wali, kiasi cha mchele na nani aliyesimama jikoni. Karatasi ikijaa, mtajua mnahitaji raiskuka ya namna gani, au mtagundua kwamba kilichokuwa kinahitajika ni kaka mtu naye ajifunze kupika.