Maharagwe yaive huku masomo yakiendelea

Mzazi anayefundisha watoto wake nyumbani hana kengele ya kumwondolea watoto asubuhi na kumrudishia jioni. Wako naye mchana kutwa, na wanakula mchana kutwa: chai ya asubuhi, uji wa saa nne, chakula cha mchana, kitu kidogo saa kumi, halafu chakula cha jioni. Wengi walionja maisha hayo shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi wakakaa nyumbani hadi Januari 2021. Lakini kuna jamaa zilizokuwa zikifundisha watoto nyumbani kabla ya hapo na ambazo bado zinaendelea.

Katika nyumba kama hiyo pesa na saa huisha pamoja. Mama, au baba, hawezi kusimama jikoni na wakati huo huo aeleze hesabu za kugawanya. Ndipo chai kwa mkate, au viazi vya kukaanga vya kibandani, vinapochukua nafasi ya chakula. Watoto hushiba, lakini damu haijengwi na mkate mweupe.

Vyakula vya bei nafuu vyenye protini na madini ya chuma tunavyo: maharagwe, ndengu, kunde, njahi na githeri yetu ya kila siku. Lawama ni moja tu, kwamba huchelewa kuiva na kumaliza makaa. Lawama hiyo ina ukweli, hasa bara. Jiji la Nairobi liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95 za Selsiasi. Mombasa huchemka yakiwa karibu nyuzi 100. Kwa hivyo mpishi wa Limuru asijilaumu anapoona maharagwe yake yakikawia kuliko ya dada yake aliye pwani.

Dawa ya kwanza haina gharama. Loweka maharagwe usiku kwa maji mengi, na asubuhi uyamwage maji hayo. Hutoka pamoja na sehemu ya sukari zile zinazojaza tumbo gesi, na muda wa kupika hupungua sana. Wengine hupenda kutia magadi ili yalainike upesi. Ni kweli yanalainika, lakini magadi huharibu vitamini B1, ambayo ni mojawapo ya faida za maharagwe. Ukiloweka vizuri huyahitaji.

Dawa ya pili ni kikapu cha kupikia bila moto. Chukua kikapu kikubwa chenye mfuniko, ukitandike ndani kwa sponji nene au blanketi kuukuu, chini, kandoni na juu, kisha ufunike kwa kitambaa kinachoweza kufuliwa. Sufuria iliyochemka ikiingizwa humo hukaa na joto kwa saa nyingi, na chakula kikaendelea kuiva. Saa moja asubuhi maharagwe yako motoni. Kabla ya masomo kuanza yako kikapuni. Saa sita unayatoa, unayachemsha tena na kuyakaanga kwa kitunguu na nyanya. Makaa yaliyotumika ni ya nusu saa au zaidi kidogo badala ya asubuhi nzima.

Hapa lakini pana hatari ambayo wauzaji wa vikapu hawaitaji mara nyingi. Maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu ya kiasili iitwayo lektini. Kuchemka kwa nguvu huiharibu. Joto la vuguvugu haliiharibu, na maharagwe yaliyopashwa hadi nyuzi 80 tu yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Punje nne au tano mbichi zatosha kumtapisha mtu na kumwendesha tumbo baada ya saa chache. Basi usiyatie kikapuni yakiwa yameanza tu kutoa mvuke. Yachemshe kwa moto mkali dakika 30 katika maji mapya, ndipo uyafunike. Sufuria iwe imejaa, kwa maana iliyo nusu hupoa haraka, na usifungue kikapu kuchungulia.

Mwenye uwezo wa kununua sufuria ya presha asisite. Humo joto hupita nyuzi 110, na maharagwe yaliyolowekwa huiva chini ya saa moja hata nyanda za juu. Ukiwa na friji, pika ya siku tatu kwa mara moja, uyagawe katika vyombo vidogo ili yapoe upesi, na uyaingize ndani kabla ya saa mbili kupita. Asiye na friji apike ya siku hiyo tu. Wali uliolala mezani nao si wa kuaminiwa: kuna vijidudu vinavyoacha humo sumu isiyoondoka hata ukiupasha tena.

Jambo jingine ni chai. Nyumba nyingi humpa mtoto githeri na kikombe cha chai kando yake. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika nafaka na maharagwe. Mpe chai saa moja au mbili baadaye, na wakati wa chakula umpe chungwa, embe, au kachumbari iliyokamuliwa ndimu. Vitamini C hufanya kinyume cha chai.

Kuhusu mahindi, kununua gunia zima wakati wa mavuno huokoa pesa, mradi yawe makavu. Mwaka wa 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya uvundo usizisage wala kuzitia kwenye githeri, hata kama zilipunguzwa bei. Gunia lisilale sakafuni bali juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mwisho, meza ya masomo isiwekwe karibu na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, hata kukiwa na baridi ya Julai. Gesi ya makaa haina harufu, na mtoto anayelalamikia kichwa au kusinzia kitabuni huenda si mvivu. Fungua dirisha, umtoe nje apate hewa safi, na jiko lihamishiwe nje.