Makombo ya Nuru

Katika miji ya kaskazini ya Ulaya, ambako mwishoni mwa Desemba mchana wa London hautimii saa nane, na wa Stockholm haupiti sana saa sita, mtu apendaye maua ya ndani huwa na adui mmoja mkubwa, naye si baridi, madhali nyumba hutiwa joto kwa mitambo, bali ni giza. Na ajabu ni kwamba aghalabu ndani ya chumba kile kile huwapo hodhi la kioo la kufugia samaki, lililowashiwa taa tangu asubuhi, nuru yake ikimwagika bure ukutani. Wapo walioliona jambo hilo kuwa ni israfu, wakajipangia vyungu vyao kandokando ya hodhi, wapate kuyaokota makombo hayo ya nuru. Rai yao ilikuwa njema, ila wengi wao wameviweka vyungu mahali pasipofaa.

Kuwakutanisha samaki na mmea si jambo la jana. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alitangaza habari ya chombo chake cha maji alimotia samaki wawili wa dhahabu, mmea wa majini uitwao vallisneria, na konokono: mmea ukatoa oksijeni, samaki wakaivuta, na konokono wakala majani yaliyooza yasije yakayachafua maji. Lakini mahodhi ya zama hizo yalitegemea nuru ya dirishani; taa za umeme za mirija, zilizoanza kuuzwa mwaka 1938, ndizo zilizomwezesha mfugaji kuliweka hodhi lake hata katika pembe ya chumba isiyofikiwa na jua.

Basi kwa nini ubavuni mwa hodhi si mahali pema? Nuru itokayo juu, ikigusa uso wa maji, hupinda kuelekea chini, na ikisha kuingia, mwale wake hauwezi kuachana na mstari wa wima kwa zaidi ya digrii 49 hivi. Mwale wa namna hiyo ukifika kwenye kioo cha ubavuni hukipiga kwa mshazari mno, na ulio mwingi haupenyi, bali hurudishwa ndani ya maji. Atakaye yakini na asimame mbele ya hodhi, akitazame kioo cha upande kwa kupitia majini: hatauona ukuta wa chumba, ila atamwona samaki wa pili, taswira ya yule wa kwanza, akija kumlaki mwenziwe. Kwa hiyo nuru ituangazayo tukiwa tumeketi mbele ya hodhi ni, kwa sehemu kubwa, ile iliyokwisha kugonga mchanga na mawe na magamba ya samaki, ikatawanyika, na nguvu zake zikapungua. Nuru yenyewe iko juu, baina ya taa na maji, na huko ndiko chungu kinakostahili kukaa.

Macho yetu nayo si mashahidi wa kutegemewa, kwa kuwa mboni hupanuka gizani ikatudanganya kuwa mwanga upo tele. Jua la adhuhuri hufikia laksi 100,000, hali chumba cha jioni, ambamo mtu husoma gazeti bila taabu, huwa na laksi mia chache tu, na mmea upendao jua ukiwekwa humo hufa njaa polepole.

Iko mimea, hata hivyo, ambayo maumbile yake yameridhia kivuli, na mashuhuri miongoni mwake ni ile iliyotoka kwetu. Mnamo 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alikutana na ua dogo la rangi ya urujuani, liotalo penye miamba yenye unyevu chini ya miti mikubwa upande wa Usambara. Akampelekea baba yake Ujerumani, naye akalifikisha kwa Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hanover, aliyelipa jina la Saintpaulia mwaka 1893. Leo wataalamu wameliingiza katika jenasi ya Streptocarpus, jambo ambalo wauza maua, nadhani kwa busara, hawajalijali. Ua hili, likiwekwa karibu na taa kwa muda wa saa kumi na mbili au zaidi kila siku, huchanua karibu mwaka mzima; likinyimwa nuru, vikonyo vyake hurefuka na majani huinuka juu, badala ya kutandaa juu ya mdomo wa chungu.

Hapa lakini pana mgogoro, kwa sababu mwenye samaki hapendi kuwasha taa zaidi ya saa nane au kumi, asije akaukaribisha mwani, ule utelezi wa kijani upakao vioo. Anayetaka amani huchagua pothosi, mmea utambaao, wenye majani ya umbo la moyo, ambao huridhika na nuru haba. Mizizi yake huning'inizwa majini, majani yakabaki hewani, nao hunufaika mara mbili: hufyonza amonia itokanayo na samaki, pamoja na naitreti ambayo bakteria huizalisha kutokana na amonia hiyo, na majani yake hupata hewa ya ukaa kwa urahisi, kwani hewa hiyo husambaa hewani kwa wepesi upitao ule wa majini mara 10,000 hivi. Wafugao samaki wa Ziwa Nyasa, wale mbuna watafunao kila jani wapandiwalo, hawana njia bora kuliko hii ya kupata kijani bila vita, ingawa mizizi nayo pengine hudonolewa.

Kilichobaki ni tahadhari ya umeme. Chungu kilicho juu ya maji humwagiliwa kwa uangalifu, mbali na taa, na waya wa taa huachwa ulegee hadi chini ya soketi kabla ya kupanda kuifikia, ili tone literemkalo nao lidondoke sakafuni.